Mama Anafunga kwa Ajili Yako

12 Februari 1989

Mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na nianze na yale yanayochekesha. Baba hajambo, ila macho yanamchezea. Juzi alipigilia mguu wa meza ya mtu juu chini. Akacheka mwenyewe, halafu akakasirika kwa sababu na mimi nilicheka. Paa la jikoni limezibwa. Cherehani yangu imekufa kifo cha kweli, sasa nashona kwa ile ya dukani, na mwenye duka ananiamini hadi ananiachia ufunguo. Kwa hiyo barua zako endelea kuzituma sanduku la duka, siyo la kanisa. Tuna kazi ya majoho mapya ya kwaya, rangi ya zambarau, na kola zake zimenitoa jasho.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mama anafunga kwa ajili yako.

Ameanza tangu ulipoondoka baada ya likizo. Unajua mwenyewe kilichotokea mezani. Baba alikuambia uombee chakula, ukasema, "Samahani, Baba, siwezi. Hakuna ninayemwomba." Ungeinamisha kichwa tu, Kitinda. Ungesema maneno mawili, tungeitikia amina, tungekula. Watu wangapi huombea chakula huku wanaiwazia nyama? Lakini wewe hapana. Chakula kikapoa, Baba akaenda zake karakana, Mama akabaki anafuta meza iliyokuwa safi.

Alianza na Ijumaa. Akaongeza Jumatano. Sasa na Jumatatu hali kitu mpaka jua lizame. Na sukari yake unaijua. Daktari alishamwambia ale kidogo kidogo mchana kutwa, na sindano asichome akiwa na njaa. Ijumaa iliyopita nilimkuta kwenye ngazi ya jikoni, nguo zimelowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu bibi. Nikamtia sukari mdomoni kwa nguvu. Alipozinduka hakusema asante. Alisema, "Umenivunjia mfungo."

Nikamwambia, "Mama, utakufa."

Akasema, "Mwanangu ameshakufa. Mimi namwombea afufuke."

Ninachokuomba ni kidogo. Mwandikie. Mwambie umerudi kwa Mungu. Ukurasa mmoja unatosha. Ni maneno tu, na maneno hujawahi kuyakosa.

Dada yako.


20 Machi 1989

Dada,

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa chini hadi ikapata alama ya kikombe cha chai. Aliyeiona ni Redio, yule mwenzangu wa kazini asiyezimika. Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile cha juu ya duka la magodoro. Wamenitoa kwenye fremu, sasa niko kwenye mashine ya kusaga lenzi. Ni kazi ya maji na vumbi jeupe, na jioni nikipenga kamasi naona kama nimepenga chokaa. Mwambie Baba aende kwa daktari wa macho, anitumie vipimo, nitamsagia miwani kwa mikono yangu.

Kuhusu Mama, nimekasirika, kisha nikaogopa, kisha nikakasirika tena. Mvurugie ile ratiba yake ya kufunga. Mchanganyie uji. Mwambie Mchungaji amkataze, atamsikia kuliko daktari. Lakini unaloniomba mimi, Dada, siwezi.

Siyo kiburi. Unanikumbuka nilivyokuwa. Nilijua mapambio yote. Nilikariri majina ya vitabu vya Biblia kwa mpangilio, Mama akawa ananisimamisha juu ya kiti mbele ya wageni. Kila mtu alisema huyu ni mchungaji. Na muda wote ule nilikuwa nangoja. Niliamini kuna kitu wenzangu wanakisikia, na mimi nimechelewa tu, kama mtoto anavyochelewa kuota meno. Nilipiga magoti kwenye saruji ya chumba chetu mpaka yakaota sugu. Nikasema, nipe hata kidogo, hata ndotoni. Siku ya kipaimara askofu aliniwekea mikono kichwani. Ilikuwa na joto na ilinukia sabuni. Hicho ndicho nilichopata: mikono ya mzee mmoja, na sabuni. Nikatoka nje, watu wananipongeza, Mama analia kwa furaha, nami nikajua hakuna kinachokuja. Nilikuwa mtoto. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilihisi kama nimeambiwa mgeni wangu yuko njiani, nikangoja kituoni hadi kituo kikazimwa taa.

Baada ya hapo nilijifanya. Ujana wangu wote nilijifanya, na ninyi mkanipenda kwa lile nililojifanya. Siku ile mezani sikuwa nimepanga lolote. Mdomo wangu ulichoka tu.

Na jambo moja. Katika barua yote umeniambia Mama anaamini nini na Baba ameumia vipi. Wewe je?

Mdogo wako.


2 Mei 1989

Kitinda,

Salamu. Baba hajambo. Majoho nusu yamekwisha.

Mama yuko wodini. Uliniambia nimchanganyie uji, kana kwamba Mama ni ndama. Uliniambia niende kwa Mchungaji. Nilikwenda. Alisema mfungo ni agano kati ya mtu na Mungu wake, yeye ni nani aingilie, halafu akatangaza kanisani kwamba tuna mama wa imani anayefunga kwa ajili ya mwanawe. Sasa akina mama wenzake wanakuja kumpa moyo. Wanakaa naye siku za mfungo ili asishawishike.

Kwa kuogopa kuzimia tena aliacha kuchoma sindano siku asizokula. Hakuniambia. Sukari ikapanda. Alikuwa na mchubuko mdogo kwenye kidole cha mguu, kiatu kilimbana kwenye ibada. Mchubuko ukawa kidonda, akakifunga kitambaa na kuvaa soksi. Nilikijua kwa harufu.

Hapo wodini amelazwa karibu na mlango. Nesi akimletea chakula anauliza leo ni siku gani. Akiambiwa ni Jumatano anageukia ukutani.

Wewe una ukweli wako. Sawa. Ukweli wako unamla Mama kuanzia kidoleni.

Dada.


11 Juni 1989

Dada yangu,

Sina habari za chumba wala za kazi. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, ya Mama. Mpelekee.

Nimeandika ulivyotaka. Ilinichukua muda, na siyo kwa sababu maneno yalikosekana. Yalikuja upesi hadi nikaogopa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi langu la kazi saa ya chakula, Redio anasimulia mambo ya shemeji yake, na mkono wangu unakwenda tu: neema, kuvunjika moyo, mwana mpotevu, machozi. Nimesema nilikuwa kwenye mashine na katikati ya kelele nikasikia naitwa kwa jina. Hilo nimelitunga. Hakuna mtu anayesikia lolote kwenye mashine ile.

Nilipomaliza Redio akanichungulia. "Unaandikia mchumba?"

Nikasema, "Mama."

"Ndiyo maana umebadilika sura," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanyamaza.

Ale. Basi. Nimeuza nilichokuwa nacho, ale.

Mdogo wako.


9 Julai 1989

Kitinda wetu,

Laiti ungekuwepo! Nilimsomea pale pale wodini. Nilipofika mahali ulipoitwa kwa jina alinishika mkono: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha mazungumzo. Mwishoni alijifunika shuka usoni, mabega yanatikisika, na mimi nikadhani analia kwa maumivu, kumbe anacheka. Akasema, "Leteni chakula." Alikula chake, akala na cha mgonjwa mwenzake aliyekuwa hana hamu. Baba aliichukua barua, akaisogeza karibu na pua ili aisome mwenyewe, kisha akaikunja na kuitia mfuko wa shati, na haitoki humo. Aliitoa Jumapili tu, Mchungaji aisome mbele ya kanisa zima. Watu walipiga makofi na vigelegele.

Ulifanya vizuri. Najua ilikugharimu. Nakushukuru.

Mguu wameukata. Nimeandika kwanza ya furaha ili uyapate yote mawili. Uligeuka mweusi hadi kwenye kifundo, wakakata chini ya goti. Daktari alisema chakula kimechelewa kurudi. Mama mwenyewe hana neno. Anasema Mungu alitaka mguu akamrudishia mtoto, na kwamba hata angedai mikono angempa.

Sasa kuna hili. Anataka usimame kanisani utoe ushuhuda kwa mdomo wako. Asikie. Baba naye anataka. Mchungaji ameshatenga Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Najua utasema barua ilitosha. Mimi pia nilidhani itatosha.

Njoo, Kitinda.

Dada yako.


3 Septemba 1989

Dada,

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani, tukalala wima kama mkate uliokatwa, lakini nimefika. Mwambie Mama asante kwa soksi.

Siwezi kukaa na haya peke yangu, kwa hiyo yapokee. Kanisani ulikuwepo, uliona kila kitu, sina la kukueleza. Nilisimama, nikaongea, Mama akainua mikono kwenye kile kiti cha magurudumu, watu wakaimba. Ila hukuwepo karakana.

Baada ya ibada Baba aliniambia nimfuate. Alifunga mlango. Akakaa kwenye kiunzi cha kukatia mbao, akawa anakwangua gundi iliyokauka kwenye kucha. Unajua Baba hajanishika tangu nilipoanza kuota ndevu. Akasema, "Nilikuwa naona aibu. Mzee wa kanisa, mwanangu mwenyewe... Nilikuwa nikitengeneza jeneza la mtoto wa mtu, nasema, afadhali huyu, wazazi wake wanajua alipo." Halafu akainuka, akanikumbatia. Maranda yote ya shati lake yakaniingia shingoni. Akasema, "Nisamehe kwa kukunyima salamu miezi yote hii. Mwanangu umerudi."

Dada, nimekisubiri kile kitu tangu utotoni, kuliko hata nilivyomsubiri Mungu. Na kilipokuja hakikuwa changu. Baba alimkumbatia mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kama mwenye kumshikia nafasi. Nikajua kwamba nikifungua mdomo niseme kweli, mikono ile itaachia, na haitarudi tena. Nikasema, "Nimekusamehe, Baba."

Na wewe. Nilikuja dukani Jumamosi mchana makusudi tuwe wawili. Nikakuuliza, "Dada, wewe unaamini?"

Ukakata uzi kwa meno. "Mimi nina majoho ya kumaliza."

"Nakuuliza kweli."

"Inua mkono nikupime hili koti. Huwezi kutoa ushuhuda umevaa gunia."

Nikacheka, nawe ukacheka, na swali likapita hivyo. Niliondoka nalo. Sikuulizi tena. Lakini ujue nililiona.

Mdogo wako.


28 Novemba 1989

Kitinda,

Telegramu najua ilikufikia baada ya maziko ya Mama. Kazini kwako walijibu kwamba wamekutuma tawi jingine. Mchungaji alisema tukungoje, daktari akasema hali ya chumba cha maiti hairuhusu. Baba alitengeneza sanduku mwenyewe. Kwa macho yale. Alikuwa akipima kwa viganja, na nilipotaka kumsaidia kusoma futi alinifukuza. Limetoka zuri, ila pembe moja ya kifuniko haikukaa sawa, akailalamikia hadi kaburini.

Kidonda kilirudi juu ya pale walipokata. Safari hii alikuwa anakula kila kitu, anachoma sindano zote, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Siku ya mwisho mchana alikuwa na akili zake timamu. Aliniambia nikae kitandani. Akaniambia, "Sikupoteza hata mmoja." Nikadhani anaongelea vikombe vya Umoja wa Akina Mama, maana tulikuwa tumevihesabu. Akasema, "Watoto wangu. Wote wawili. Sikupoteza hata mmoja." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Akafa akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Sasa nitakujibu. Mama hayupo wa kuumia, na mimi nimechoka kukata uzi kwa meno.

Siamini. Sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu chooni. Sijui ilianza siku gani. Wewe ulingoja kituoni. Mimi sidhani kama niliwahi hata kufika kituoni. Nina sauti nzuri, basi. Nilipokuwa mdogo nikiimba watu wazima walilia, wakasema mtoto huyu ana Roho, na mimi nikaona ni rahisi kuimba kuliko kuwabishia. Nimeendelea kuimba hadi leo.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambiaje? Uliwahi kutoka wewe. Nyumba ile ingeweza kupoteza mtoto mmoja, wawili isingeweza. Siku ile mezani nilikuwa na kijiko cha kupakulia mkononi, na ulipotamka yale maneno nilihisi umeyachota kinywani mwangu. Ukaondoka na basi la asubuhi. Mimi nikabaki na Mama na ratiba yake.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja. Nilikuwa nikilala najua kwamba mahali fulani, juu ya duka la magodoro, yuko mtu mmoja kama mimi. Hukujua kwamba nakutegemea. Hata barua zangu za kukukaripia nilikuwa naziandika nikiwa na raha hiyo.

Kisha ukaja ukatoa ushuhuda. Nilikuwa safu ya mbele ya kwaya, nangoja kuona utakapodanganya, nilitaka hata ukope wa jicho ukusaliti. Sikuona. Ulisema vizuri mno, Kitinda. Uliposema uliitwa kwa jina, nilisisimka mwili mzima. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Watu wote walikuwa wanafurahi, na mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo najiona nimeachwa peke yangu duniani. Najua mimi ndiye niliyekuomba ufanye. Najua na barua yako ya Septemba niliisoma, nikatulia. Lakini sikusahau. Sasa najua kwamba hata wewe nikikutazama usoni siwezi kujua.

Usimwambie mtu.

Dada yako.


10 Desemba 1989

Dada, Dada yangu,

Salamu nitazituma siku nyingine. Njoo huku.

Nimeongea na mke wa Redio, ana chumba cha uani, utakaa humo mpaka tupate mahali. Mtaa wa pili kuna fundi wa nguo za harusi anatafuta mtu wa kola na mikono, nilimwonesha koti ulilonishonea, akaligeuza ndani nje, akasema, "Huyu aliyeshona hili yuko wapi?" Jumapili huku mtu analala, anafua, anakaa dirishani kutazama wapita njia. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi asubuhi. Tutakuwa wawili. Hutahitaji kunitazama usoni na kukisia, utaniuliza, nitakujibu.

Baba atapata mtu wa kumpikia, tutaandaa. Mama ametuacha ameridhika. Kazi tuliyokuwa tunaifanya imekwisha, Dada. Hakuna aliyebaki wa kumdanganya ila Baba, na Baba tunaweza kumdanganya kwa barua.

Panda basi. Usifikirie sana. Nitakuja kituoni kila Jumamosi hadi nikuone.

Mdogo wako.


18 Februari 1990

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, na najua kuna Jumamosi umesimama kituoni. Nisamehe. Niliwahi kufunga begi. Lilikaa chini ya kitanda siku kadhaa, kisha nikahitaji shuka lililokuwa ndani, nikatoa shuka, nikatoa na nguo.

Baba haoni tena. Jicho la kulia ni ukungu, la kushoto anatofautisha mchana na giza. Miwani yako nzuri anaivaa kwa heshima, anawaambia wageni mwanangu amesaga, lakini haimsaidii. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, apasuliwe. Amekataa. Anasema anachotaka kukiona tena hakiko huku, kiko kwa Mama yenu, na kule atayafumbua. Kila jioni anaorodhesha tutakavyokutana: yeye, Mama, wewe, mimi. Kila mmoja na mahali pa kukaa. Hilo ndilo linalomwamsha asubuhi. Nikiondoka, atauliza kwa nini. Na mimi, tofauti na wewe, nikiulizwa uso kwa uso na Baba sitaweza kusema vizuri.

Akina mama wamenipa kiti cha Mama. Mwenyekiti wa Umoja. Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu, wakanipenda zaidi. Wananisimika Jumapili ijayo. Nimeshajishonea joho.

Duka limefungwa, mwenye duka amehamia kwa binti yake. Cherehani aliniachia, iko sebuleni. Kwa hiyo hakuna tena sanduku la duka. Barua zote zitakuja kwa sanduku la kanisa, na Mchungaji ndiye anayezileta nyumbani kwa mkono wake. Baba amemwomba awe anamsomea yeye, kwa sababu mimi nasoma haraka. Mchungaji anakaa kwenye kile kiti alichokuwa anakalia Mama, anafungua bahasha, anasoma kwa sauti, na jirani yeyote aliyepo anasikiliza. Nilisema barua zangu ni zangu. Baba akashangaa: "Kwani kati yako na ndugu yako kuna lisilosemeka?" Mchungaji akanitazama. Nikasema halipo.

Hii naitia posta mwenyewe. Ya kwako ijayo itasomwa. Unaelewa ninachokuambia. Tusipoandikiana kabisa watauliza, kwa hiyo andika. Andika kama ulivyomwandikia Mama.

Nilikuwa nataka kumaliza kwa kukuambia kitu kizuri, nimekitafuta tangu asubuhi.

Dada yako, anayekujua.


25 Machi 1990

Baba mpendwa na Dada mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe! Nawasalimu katika jina lake lipitalo majina yote. Mimi ni mzima wa afya kwa neema yake, na ninamtukuza kwa kunilinda mimi na kuwalinda ninyi. Mchungaji, nakushukuru kwa upendo wako wa kumsomea mzee wetu. Bwana akubariki.

Baba, nimefurahi kusikia miwani inakufaa. Huku sikosi ibada. Wamenipa zamu ya kusoma Neno, na Jumapili iliyopita wengi waliguswa. Kazini nimemshuhudia mwenzangu mmoja aitwaye Redio, naye ameanza kulainika. Mwombeeni.

Dada, habari za kusimikwa kwako zimenijaza shukrani. Hakuna aliyestahili kiti cha Mama kuliko wewe. Mama huko aliko anafurahi, na siku moja tutamwona uso kwa uso, familia nzima, bila kukosa hata mmoja. Naamini Baba akikusikia ukiimba anasahau giza lake. Basi endelea kuimba.

Nilikuwa na mazoea ya kwenda kituo cha basi Jumamosi. Nimeacha. Siku hiyo sasa tuna maombi.

Sina la zaidi. Msalimieni kila anayesikiliza.

Ni mimi, ndugu yenu katika Bwana.